Frida Haendi kwa Mtu

Mpwapwa,
12 Juni 2024

Mdogo wangu Frida,

Habari za huko uliko? Sisi hatujambo. Emilia ameota jino la tatu na kazi yake ya kwanza imekuwa kuning'ata wakati wa kunyonya. Tabita alikohoa wiki nzima, lakini leo kaamka anadai chapati, nikajua kapona. Shemeji yako Obedi yuko josho tangu alfajiri, ni siku ya kuogesha ng'ombe, jioni atarudi ananuka dawa mpaka masikioni. Baba mkubwa Yotham anakusalimu. Yeye hasemi "msalimie," anasema, "Yule kasemaje?" lakini salamu zake mimi nazijua.

Nakutobolea barua hii kwa kibao chako cha zamani cha shule, kile ulichokuwa unakuja nacho likizo kutoka Buigiri ukanifundisha nukta nundu kwa nguvu. Vidole vimesahau, naenda polepole. Ukikuta mstari umelala ujue Emilia amepita juu yake kwa magoti. Lakini nimeona heri hivi kuliko simu. Simu ya nyumba hii ni kama kisima, kila mtu anachota. Ujumbe wako ulisomwa na watu sita kabla haujanifikia. Ukiniandikia barua, wengine wataona karatasi yenye vipele tu, msomaji ni mimi peke yangu.

Na ujumbe wenyewe sasa! "Nimefika Karonga. Salama. Frida." Maneno manne, kwa mtu aliyevuka nchi mara ya kwanza, peke yake, na haoni. Baba mkubwa alinitaka niyasome mara mbili, kisha akauliza, "Kafika kwa nani?"

Unaona? Bado yuko palepale. Nikikumbuka kile kikao cha kukuaga, nacheka mwenyewe jikoni. "Unaenda kwa nani huko Malawi?" "Siendi kwa mtu, baba mkubwa. Naenda kutembea." "Sawa, kumtembelea nani?" Mkazunguka hapo mpaka chai ikapoa. Umefuma masweta ya shule miaka mitatu, umeweka akiba yako, hujamwomba mtu shilingi, na bado ikawa vigumu kueleweka kwamba mtu anaweza kwenda mahali ambako hakuna harusi wala msiba wala ndugu.

Hata mimi, nikwambie kweli, sikuelewa. Mimi mwisho wangu ni Dodoma mjini, na nikifika huko natafuta gari la kurudi. Lakini nilisimama nikasema nakudhamini. Na hukumu uliisikia kwa masikio yako: likitokea jambo moja huko, moja tu, Obedi anapanda basi kukufuata, na habari ya safari inaishia hapo. Kwa hiyo Frida, siulizi kwa umbea. Niandikie siku yako ya kwanza yote, tangu ulipofika mpakani mpaka ulipolala. Usiruke. Na usiniletee lile neno lako la "tulichelewa kidogo." Ulichelewa kidogo mwaka ule ulipotumbukia mtaroni Chamwino, tukaja kugundua mguu umevunjika.

Barua anabeba Fabian, jirani yetu wa lori, anapeleka mashudu ya alizeti huko kila baada ya wiki mbili tatu. Nimemwelekeza kwenye ile gesti ya akina mama wa kanisa uliyosema utafikia.

Lile sweta la bluu, ulilivaa? Ulilikunjua? Basi, nauliza tu.

Dada yako,
Devota


Karonga,
23 Juni 2024

Dada Devota,

Shikamoo. Namshukuru Mungu mimi ni mzima, nakula, nalala, nimepata hata jina: huku wananiita Sister Frida, nimewaeleza kwamba mimi si mtawa wakasema sawa, Sister. Mbusu Emilia kwenye hilo jino. Tabita mwambie nimemsikilizia ziwa, linapumua kama mtu aliyelala. Shemeji na baba mkubwa wape shikamoo zangu zote mbili.

Umetaka siku ya kwanza. Haya.

Mpakani nilifika saa nne asubuhi kutoka Mbeya. Ukishuka tu, unasikia nchi mbili zinagombania masikio yako. Huku wanaita "dada, dada," kule wanaita "mama, mama." Wabadilisha fedha wanakuja kama nzi. Mmoja akanishika mkono anivute. Unajua dawa yangu: nikautoa mkono wake, nikamshika mimi kiwiko, nikamwambia, "Sasa twende, lakini sibadilishi kwako." Akacheka. Akanipeleka dirishani bila kunidai kitu, na hati yangu ikagongwa muhuri. Nimeupapasa ule muhuri, hauna kitu, karatasi laini tu. Nikasikitika kidogo. Nilitegemea nchi nzima itakuwa na nundu yake.

Mpakani tulichelewa kidogo, halafu nikavuka.

Darajani nilipanda baiskeli, huku wanaiita kabaza, unakaa nyuma kwenye kiti chenye godoro. Mwenye baiskeli alipoona fimbo yangu nyeupe akaanza kupiga kelele kama mimi ni kiziwi. "Mama! Hapa ni daraja!" Nikamwambia, "Kaka, nasikia vizuri, nisichofanya ni kuona." "Sawa! Chini ni mto! Na pale kuna mbuzi!" "Mbuzi wa rangi gani?" Nadhani hakuna abiria aliyewahi kumuuliza. "Mweusi, mama. Ana kengele." Kengele nilikuwa naisikia, lakini weusi alinipa yeye. Tulipofika upande wa pili alikuwa amenitajia kila kitu hadi rangi ya mlango wa choo.

Karonga nilifika saa kumi na moja jioni kwa gari la kuchangia. Joto, dada! Na harufu ya dagaa waliokaushwa, wao wanawaita usipa, mji mzima unanuka mchuzi. Gesti, yule mama wa mapokezi akaniuliza, "Unaenda kwa nani?" Nilidhani swali hilo nimeliacha Mpwapwa. Nikamjibu, "Nimekuja kwako." Akacheka mpaka akasahau kuniandika kitabuni.

Chumba ni hatua nne kwa tano. Kitanda kushoto, ndoo nyuma ya mlango, dirisha linafunguka kwa kusukuma. Nilizunguka mara tatu kikawa changu. Nikala wali na usipa, nikalala nikiwa na viatu mkononi kwa furaha, sijui kwa nini nilivishika.

Nitakaa hapa mpaka mwanzo wa Septemba, kuna kazi ndogo ya kurekebisha masweta ya watoto wa shule inanilipia chumba. Baada ya hapo nataka kupanda mpaka mji wa Mzuzu.

Sweta la bluu sikulihitaji. Huku ni joto.

Mdogo wako,
Frida


Mpwapwa,
9 Julai 2024

Frida,

Habari za siku. Sisi wazima. Emilia anasimama kwa kushika sufuria. Baridi ya mwezi huu imetukamata vizuri, Tabita analala na kofia. Mimi nimechoka tu uchovu wangu wa kawaida, ule ambao ukikaa chini mtu anakuita.

Barua yako nilisoma nikiwa nimekaa juu ya kinu, nikacheka peke yangu kwa yule wa baiskeli. Tabita akaniuliza, "Mama, vipele vinachekesha?" Halafu nikairudia, nikahesabu. Mpakani saa nne asubuhi. Karonga saa kumi na moja jioni. Fabian anasema kutoka hapo mpaka Karonga ni saa moja, ukikutana na ng'ombe barabarani ni saa moja na nusu. Nitajie zilizobaki umeziweka wapi, mdogo wangu. Umenipa rangi ya mbuzi, ukaninyima mchana mzima.

Nilikukataza neno lile. Umeliandika lilelile.

Sasa sikiliza yaliyotokea huku. Fabian alipoleta barua, baba mkubwa alikuwa amekaa hapa uani anasubiri chai. Fabian, mdomo wake unaujua, hauna breki kama lori lake. Akasema, "Mama Tabita, mdogo wako ana bahati. Madereva pale mpakani wanasimulia habari ya dada mmoja asiyeona, Mtanzania, alishikwa na unga wa kijani, wakamweka benchi kutwa nzima."

Nikamwambia, "Fabian, wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo, nimesikia."

"Basi funga mdomo unywe chai."

Lakini baba mkubwa alishaweka kikombe chini. "Unga wa kijani ni kitu gani? Ni bangi!" Nikasema si bangi. "Umejuaje?" Nikasema Frida hawezi. Akasema, "Umemdhamini. Nilisema jambo moja. Hili si jambo?"

Amemtenga yule beberu mwenye doa, ndiye nauli ya Obedi. Obedi hataki kwenda, anasema ng'ombe wa josho nani atawashika, lakini mbele ya baba mkubwa anaitikia "ndiyo baba" kama mwanafunzi. Nimeomba tungoje barua yako. Amekubali tungoje mpaka Fabian arudi tena, kisha tukae kikao. Baada ya hapo ni basi.

Kwa hiyo niandikie ukweli, Frida, wote, hata kama unauma. Ulikuwa wewe? Walikufanya nini? Ulilia? Walikugusa? Mimi ndiye niliyekufundisha kuvuka barabara. Mimi ndiye niliyekuwa nakufunga kamba ya viatu ukiwa na miaka saba na mimi kumi na tatu, nikaadhibiwa kwa kuchelewa shule. Nina haki ya kujua.

Na usiniulize kitu mimi kwanza. Anza wewe.

Devota


Karonga,
28 Julai 2024

Dada yangu Devota,

Shikamoo. Fabian alifika Jumamosi, akanikabidhi barua kwa mikono miwili kama mtu mwenye kesi. Nilimwambia, "Fabian, asante kwa kunitangaza." Akasema, "Nisamehe dada, nilidhani ni mwingine." Nikamuuliza, wasioona wa kutoka Tanzania waliopita pale siku ile walikuwa wangapi? Akatafuta kisingizio cha kwenda kukagua matairi.

Mimi mzima kabisa. Emilia akishika sufuria, angalia isiwe ya moto.

Ndiyo, ni mimi.

Baada ya muhuri, kabla hujafika darajani, kuna meza ya Wamalawi ya kukagua mizigo. Mkaguzi alikuwa mwanamke, sauti yake changa, haina haraka. Akaniuliza kama anavyouliza kila mtu, "Begi umefunga mwenyewe?"

Unakumbuka nilivyosema siku ile mbele ya wote, begi langu nafunga mwenyewe, asiniwekee mtu hata sindano. Kwa hiyo nilimjibu huku nimeinua kichwa: "Ndiyo. Nguo, karatasi na kibao cha kuandikia. Hakuna kingine."

Akatoa moja moja. Kisha akatoa sweta la bluu, akalikunjua. Nikasikia kitu kimedondoka mezani, puu, halafu kingine, puu. Akaita mwenzake. Akauliza, "Na hizi?"

Nikasema, "Hizi nini?"

"Soksi mbili za mtoto mchanga. Zimefungwa fundo. Zina unga wa kijani."

Dada, nimesema mwenyewe, nimesema hakuna kingine, halafu kuna unga ndani ya soksi za mtoto ndani ya sweta. Hata mimi ningejishuku. Nikaomba nishike moja. Nikaipapasa. Ile ya kisigino kilichotoboka, ukakishona kwa uzi mnene kwa sababu mwembamba ulikuwa umekwisha. Soksi ya Emilia. Na fundo lako unalijua, unalirudisha chini halafu unalibana, hakuna mwingine duniani anafunga hivyo.

Pale nilikuwa na njia ya mkato. Ningesema, "Dada yangu ndiye kaniwekea, sikujua." Ni kweli tupu, na pengine wangeelewa. Lakini wangeuliza, "Kwa nini dada yako akuwekee mzigo kwa siri?" Ningejibu nini? Kwamba kwetu, hata nikifunga begi, kuna mtu analifungua nyuma yangu kwa sababu sioni? Na wewe jina lako lingeandikwa kwenye karatasi ya watu. Nikasema, "Ni zangu. Nilisahau kuzitaja. Ni mlenda."

"Mlenda ndiyo nini?"

"Ni mboga. Majani ya porini, yanakaushwa, yanatwangwa. Kwetu Dodoma tunakulia ugali."

"Mboga kwenye soksi?"

Jibu la hilo unalo wewe, dada.

Hawakunitukana, hawakunigusa vibaya. Walinipa benchi, kiti cha kuweka begi, na maji. Walikuwa wanafanya kazi yao. Mkubwa wao hayupo, kaenda kula, akaja, akaondoka tena. Nilikaa. Nilisikia jua likihama kutoka goti la kulia kwenda la kushoto. Sikulia. Umeuliza, nakujibu: nilikuwa karibu, nikajiuma ulimi. Niliwaza wakinirudisha, nitarudi kwenye kona ileile ya sebule, mashine ya kufumia mbele, na kila mgeni akija ataambiwa, "Huyu ndiye yule aliyekwenda Malawi akakamatwa."

Ilipofika kama saa nane, nikasema liwe liwalo. Nikamwita yule mkaguzi. "Dada, mimi siwezi kukueleza kwa maneno. Nipe moto na sufuria nikupikie."

Wakacheka wote. Lakini yeye hakucheka. Akauliza, "Na ukishapika?"

"Nitakula mbele yako. Kama ni dawa ya kulevya, utaniona nikilewa."

Jirani na pale kuna mama anapika chakula cha madereva, Mama Tiwonge. Akaletwa, mikono inanuka vitunguu. Nikamwelekeza: maji yachemke, chumvi, unga kidogo kidogo, koroga usiache. Dada, ule mvuke uliponipata puani nilisahau kwamba nina kesi. Mlenda ulianza kuvutika, nausikia kwenye mwiko, unajua ile sauti. Mama Tiwonge akapiga kelele, "Aaa! Nyie wakaguzi, huyu dada mmemweka juani bure. Hii ni therere!" Kumbe na wao wana mboga yao ya kuteleza. Akawasema kwa lugha yao, sikuelewa neno ila nilielewa kila kitu. Akaleta nsima, ndiyo ugali wao. Tukala kwa mikono, mimi, yeye na yule mkaguzi. Mkaguzi alichovya mara moja, akakaa kimya, akachovya tena. Akasema, "Inapita yenyewe."

Soksi ya pili nilimwachia Mama Tiwonge. Aliniuliza anipe nini badala yake, nikamwambia anisindikize kwenye baiskeli. Ilikuwa karibu saa kumi.

Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza, dada, haina shimo tena. Na nikwambie, sikuwahi kuwa na siku nzuri kama ile. Nilibisha hodi nchi ya watu nikashukiwa, nikajitetea mwenyewe, nikapika, nikala na walionishuku.

Sikukuandikia mwanzoni kwa sababu nilijua ukisoma utajua ni wewe, na utaumia, na ukiumia utataka kunifuata wewe mwenyewe na Emilia mgongoni. Lakini umesema nianze mimi. Nimeanza. Sasa ni zamu yako.

Kwa nini zilikuwa mbili?

Na jambo la mwisho, nisikilize bila kukasirika. Kwenye kikao sema utakavyoona. Ukitaka kuninyamazia, ninyamazie, mimi sitakutaja kwa mtu. Lakini Obedi akija, atapewa chai, atalala hapa gesti, na atarudi peke yake. Mimi naenda Mzuzu.

Nakupenda sana, hilo usilitilie shaka.

Frida


Mpwapwa,
18 Agosti 2024

Mdogo wangu Frida,

Salamu nyingi. Leo ni Jumapili, nimewapeleka watoto kwa jirani ili niandike bila magoti ya Emilia. Yeye sasa anatembea hatua tatu halafu anakaa kwa hasira. Tabita amekuwekea jino lake lililong'oka, nimemwambia halitumwi.

Barua yako niliisoma mara moja tu. Sikuweza mara ya pili. Nilikwenda kuchota maji bila ndoo, nikafika bombani nikasimama pale kama mtu aliyetumwa.

Zamu yangu. Asubuhi ile ya safari wewe ulikuwa unaoga. Begi lilikuwa limefungwa vizuri kuliko ninavyofunga mimi. Nililifungua. Nilikuwa na mlenda wa mwaka huu, ule mzuri wa kwanza, na mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku zamani, sikuwa na kitambaa safi, usingizi ulikuwa umenijaa machoni, Emilia alikuwa hajalala siku mbili. Kilichokuwa safi kwenye kamba ni soksi zake. Nikaweka, nikafunga. Sikufikiri kabisa mtu atakayeona unga wa kijani ndani ya soksi atawaza nini. Kwangu mimi mlenda ni mlenda hata ungekuwa ndani ya kofia ya askari.

Zilikuwa mbili kwa sababu moja ilikuwa yako, uile siku ya kwanza, usikute chakula cha watu kimekukataa. Ya pili ilikuwa ya mwenyeji wako. Kwetu hatuendi mlango wa mtu mikono mitupu, na wewe ulisema huendi kwa mtu. Nikasema moyoni, hata asiyekwenda kwa mtu kuna mtu atamfungulia. Basi hiyo ilimfikia mwenyewe, Mama Tiwonge, ila ilipitia kwenye meza ya ukaguzi.

Lakini hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni hii, naiandika taratibu nisiikosee. Niliweka kwa siri kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikasema naweza kukudhamini, na moyoni sikuamini. Ulikuwa umesema hutaki kuwekewa kitu, na mimi nilikusikia. Niliona kama neno lako ni la mtoto, nitalizunguka. Nisamehe.

Kikao tulikaa Jumatano. Baba mkubwa alikuwa na fimbo yake, Obedi na viatu vyake vya safari kavaa kabisa, masikini. Fabian aliitwa kama shahidi, akakaa karibu na mlango. Baba mkubwa akasema, "Haya, soma hiyo barua yenye vipele."

Ningeweza kusoma ninachotaka, Frida. Hakuna hata mmoja pale ambaye angejua. Ningeweza kuruka soksi, nikasoma kwamba ulisahau kutaja mboga yako, kikao kikaisha kwa kicheko. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kisha nikaisoma yote, pamoja na fundo.

Obedi akanitazama. Baba mkubwa akasema, "Rudia hapo kwenye soksi." Nikarudia.

"Kwa hiyo jambo limetokea."

"Limetokea, baba mkubwa. Lakini nililitia mimi kwenye begi. Yeye alilitoa."

"Wewe mwenye macho?"

"Mimi mwenye macho."

Akatikisa fimbo yake. "Umemdhamini, halafu umemharibia."

Nikasema ndiyo. Sikukaa chini. Nikamwambia, "Ukimtuma Obedi, mtume, ni haki yako. Ila anayestahili kufuatwa na kuonywa yuko hapa mbele yako, hana haja ya kupandiwa basi. Frida aliwekewa mtego na dada yake, akashikwa, akakaa juani, akautegua kwa sufuria. Ungekuwa wewe pale, ungefanya nini?"

Fabian akasema chinichini, "Mimi ningekimbia." Obedi akaangua kicheko, akajizuia, kikamtoka puani. Nilidhani baba mkubwa atatufukuza wote.

Akauliza tu, "Alipika na chumvi?"

"Na chumvi."

"Na wakala?"

"Wakala. Mkaguzi alichovya mara mbili."

Nje beberu mwenye doa analia kama amesikia jina lake. Kisha akasema Obedi avue viatu arudi kazini. Sikushangilia, nilibaki nimesimama hivyohivyo, kwa sababu aligeuka akaniuliza, "Na akipotea huko mbele?"

"Atauliza njia."

"Wewe utamfuata?"

Hapo palikuwa pagumu kuliko kote, mdogo wangu. Ulimi ulitaka kusema ndiyo. Nikamwambia, "Akiniita nitakwenda. Asiponiita nitakaa."

Walipoondoka nilidhani yamekwisha. Jana asubuhi akarudi peke yake, hata hakukaa, akasimama hapo nje anachokora ardhi kwa fimbo. Nikamwamkia. Akasema, "Huko anakokwenda, panaitwaje?"

"Mzuzu, baba mkubwa."

"Wana ng'ombe?"

"Lazima watakuwa nao."

"Fabian anasema ng'ombe wa huko pembe zao ni ndefu kuliko za wetu. Fabian mwongo." Akanyoosha mkono wake, akautazama. "Mwambie Frida awashike. Apime kwa mkono wake, kuanzia kwenye mzizi, anitumie hesabu. Asimuulize mtu, ashike mwenyewe."

Akaondoka.

Basi hilo ndilo agizo la baba mkubwa. Obedi anataka kujua huko josho wanatumia dawa gani. Tabita anataka rangi za mbuzi wote. Mimi sina agizo.

Dada yako,
Devota